Maji ya Kumiminiwa

Nilimnyang'anya mwalimu jagi. Sikubisha hodi, sikusalimia. Nilikuwa nimefika kumchukua binti yangu mapema kidogo, nikasimama mlangoni mwa darasa la chekechea, nikaona watoto wamepanga mstari wa kunywa maji. Ndoo ilikuwa juu ya stuli, na kikombe cha plastiki cha kijani kilikuwa kimefungwa kamba kwenye mkono wa ndoo kisiibwe. Mtoto anakunywa, anamwachia mwenzake, mwenzake anakunywa, na mwenye makamasi na asiye na makamasi wote kikombe kimoja. Ikafika zamu ya Minza wangu. Mwalimu akakivuta kikombe pembeni, akachukua jagi, akasema, "Kinga mikono, mama." Akamimina kutoka juu.

Mtoto wangu akainama, akakinga viganja, maji mengine yakaingia mdomoni na mengine yakateremka mpaka kwenye viwiko, sweta likalowa. Wenzake wanamtazama. Na yeye anacheka. Kicheko hicho ndicho kilichonimaliza. Aliponiona akaruka: "Mama! Mimi namiminiwa! Peke yangu!"

Mwalimu akashtuka. "Karibu, Mama Minza. Ni tahadhari tu, jamani. Hilo baka la shavuni, wazazi wengine wameshaanza kuuliza."

"Wanauliza nini?"

"Si unajua magonjwa ya ngozi. Yale ya zamani."

Hakuutaja ugonjwa wenyewe. Nikalichukua jagi mkononi mwake na kumwaga maji yote sakafuni, miguuni pake, viatu vyake vya kitambaa vikalowa chepechepe. Nikamwambia hata yeye sasa amemiminiwa. Nikambeba mtoto na kutoka. Njia nzima kurudi Nyakato nilimshika kwa nguvu mkononi, mtoto analalamika namminya, na mimi masikioni nasikia kitu kimoja tu, maji yanavyolia yakiangukia viganja vya mtoto. Sauti ile naijua. Huwezi kuisahau ukishakuwa wewe ndiye mwenye viganja.

Wa rika langu mnaikumbuka Mirongo ya wakati ule. Biashara zilikuwa zimefunguliwa, kila mtu anauza kitu. Mitumba imetandazwa mpaka barabarani, redio za kaseti zinashindana, wanaume waliopunguzwa kazi viwandani wamekaa vibarazani na mashati yao ya kazini wanasubiri wasichokijua. Na video. Mtu alipata televisheni na deki, akazungushia chumba mapazia meusi, akapanga mabenchi, basi huo ukumbi. Ukiingia unapokelewa na jasho, moshi wa jenereta na mapanki ya kukaanga, ile mifupa ya sangara yenye vinofu, maana watu waliingia nayo yamefungwa kwenye gazeti na kuyatafuna humo humo gizani, miiba wanatemea chini.

Mama yangu aliuza uji jirani na ukumbi huo. Uji wa ulezi, na vitumbua. Asubuhi wapagazi na wachuuzi wanachuchumaa mbele yake, vikombe vya bati vinazunguka kutoka mkono huu hadi ule, anasuuza kwenye ndoo na kujaza tena. Wakamwita Mama Uji. Baba alikuwa visiwani kwenye kambi za wavuvi, akirudi anarudi, asiporudi tunaishi. Kwa hiyo ule uji ndio uliotuweka mjini. Mama hakuwa na ndugu Mirongo, wala hakuwa na mtu wa kumuulizia alikotoka, na nilivyokuja kuelewa ukubwani, ndicho alichokipendea mahali pale.

Ukumbi ulikuwa na mkalimani anaitwa Kulwa. Watoto wa siku hizi hawataamini kazi ya Kulwa. Alisimama kando ya televisheni na fimbo mkononi, picha inasema kwa lugha yake na yeye anaitafsiri papo hapo kwa sauti ya juu, huyu anasema hivi, yule anajibu vile. Kihindi hakukijua hata salamu. Alitazama midomo, nguo na machozi, akatunga. Na ili watu wacheke, aliwapa waigizaji majina ya watu wa mtaani. Tajiri mwenye kitambi akaitwa kwa jina la muuza mchele wetu, polisi mla rushwa akapewa jina la mgambo wa sokoni. Ukisikia jina lako usiku huo unatembea kifua mbele, hata kama umeitwa mwizi. Watu walimwamini Kulwa kuliko picha yenyewe. Kama picha inaonyesha mtu anacheka na Kulwa kasema analia, basi huyo analia.

Jumapili moja mchana mama alinichukua twende. Aliendaga mara chache, na ni kwenye picha za kulia tu. Wanawake wa Mirongo walizipenda hizo. Walikuja na khanga ya pili maalumu ya kujifutia, wakakaa mabenchi ya mbele na kulia kwa pamoja, wakitoka macho yamevimba na wamefurahi. Rafiki yake, Mama Zuhura, alitushikia nafasi. Huyo walikuwa chanda na pete. Ukikosa chumvi kwetu iko kwake, na sufuria letu kubwa lilikuwa kwake zaidi ya kwetu. Binti yake Zuhura ndiye aliyekuwa mwenzangu.

Picha ilikuwa nzito, si ya ngumi wala ya kukimbizana. Kuna dada mshonaji amekuja mji wa mbali, anashonea nyumba ya watu wakubwa. Mapema kabisa sindano inamchoma kidole, anapiga kelele, kijana wa nyumba ile anakuja mbio na kumfunga kitambaa, na hapo mapenzi yanaanza. Wanaoana. Katikati kuna mbwa wa nyumba anamwokoa mtoto kwenye mto na kufa yeye. Jamani, walivyomlilia yule mbwa! Khanga zote usoni. Mama Zuhura alikohoa kwa kwikwi mpaka mama akampigapiga mgongoni. "Mbwa wa watu, ana utu kuliko binadamu," akasema, na benchi zima likaitikia.

Kisha mzee mmoja aliyetoka kijijini kwa yule dada anamwona kisimani, anamtambua. Anasema neno. Watu wa kisimani wanarudi nyuma. Mama mkwe anampokonya kikombe mdomoni na kukivunja kwenye jiwe. Baadaye dada anaomba maji ya kunywa, mtumishi anapanda juu ya ngazi na kummiminia viganjani kutoka juu kabisa, asimguse.

Kulwa akanyamaza. Kwa mara ya kwanza hakuwa na la kutafsiri. Kumbe huko kwao kuna watu wamezaliwa wanahesabiwa najisi, ukoo mzima, na huyo dada alikuwa ameificha asili yake. Hayo nimeyajua nikiwa mtu mzima. Kulwa hakuyajua, hakuna aliyeyajua pale, ila Kulwa alijua watu gani kwetu sisi hawapewi kikombe. Akaipiga fimbo kwenye meza. "Ahaaa! Jamani wee! Kumbe huyu dada ni mkoma!"

Ukumbi ukalipuka. Waliomlilia mbwa sasa hivi, khanga bado mbichi, wakashika mbavu. "Mtoe nje!" "Kijana wa watu kashalala na mkoma!" "Kata na hicho kidole alichokifunga!" Mtu akarusha mwiba wa panki ukagonga kioo, usoni mwa yule dada. Watu wakapiga makofi. Kulwa alivyoona imeshika, akakoleza: "Anasema, nipeni maji, nina kiu. Wanamwambia, kunywa ya mtoni na ngedere wenzio!" Yule dada kwenye picha alikuwa hasemi kitu. Alikuwa amefumba mdomo anatazama viganja vyake.

Mama akauachia mkono wangu. Halafu akasimama. Mama yangu, ambaye akipigiwa kelele na mteja anasema asante, akasimama katikati ya watu.

"Huyo siyo mkoma," alisema. "Kulwa, unadanganya watu. Sindano ilimchoma akapiga kelele, mmemwona wote. Mwenye ukoma vidole vinakufa ganzi. Angejichoma mpaka mfupani asingesikia."

Kimya. Jenereta tu nje. Kulwa akageuka na fimbo yake. Alikuwa anatabasamu, nakumbuka meno.

"Mama Uji. Hayo umeyajuaje?"

"Watu husema."

"Watu gani? Mimi sijawahi kusikia."

Na kutoka benchi la nyuma sauti ya mwanamke, taratibu kabisa, kama anauliza bei ya nyanya, akimwita kwa jina langu: "Kwani Mama Kabula, kwenu ni wapi vile?"

Mama akanishika mkono tukatoka. Tulipofika kwenye pazia kicheko kikaanza nyuma yetu, kwanza kidogo.

Mimi nilitembea nimevimba kwa fahari. Mtoto ana akili yake. Nilikuwa nimeona ukumbi mzima umenyamazishwa na mama yangu, Kulwa mwenyewe kakosa tafsiri. Nilijua tumeshinda. Nilimuuliza njiani kama Jumapili ijayo atawanyamazisha tena. Alinivuta tu tuongeze mwendo.

Kesho yake bombani watoto wakaanzisha mchezo. Zuhura ndiye aliyepanga. "Tunacheza ile picha ya jana. Kabula ndiye steringi." Mnajua steringi ni nini kwa mtoto wa Mirongo? Ni yule asiyekufa, ambaye picha nzima ni yake. Mimi nilikuwa mfupi na mweusi ti, kwenye michezo yote nilipewa kuwa mlinzi wa geti au mbuzi. Leo steringi! Nikakinga mikono. Zuhura akapanda kwenye tofali na kopo la maji, akamimina kutoka juu, wenzetu wamezunguka wanaimba:

"Steringi kunywa, usiguse!
Steringi kunywa, usiguse!"

Nikainama nikanywa kwa mbwembwe zote. Walishangilia. Nikikaribia wanakimbia wakipiga yowe, nami nikawakimbiza, nikajua ndivyo steringi anavyoogopwa. Ikawa kila siku. Mtu mwingine akitaka kuwa steringi wanakataa katakata, ni Kabula peke yake. Hata shuleni ndoo ya darasa ilipozunguka wakaniambia, "Wewe kinga, wewe steringi." Mwalimu aliona. Aliendelea kuandika ubaoni.

Siku moja nilirudi kifua kimelowa, nikamsimulia mama huku narukaruka. Alikuwa amekaa mbele ya sufuria la uji, na uji umejaa, umeshika utando juu, saa ambayo kwa kawaida sufuria lilikuwa limeshakwanguliwa. Hilo sikulitilia maanani. "Nionyeshe," akasema. Nikamwonyesha. Niliinama, nikakinga viganja, nikafanya kama nakunywa, nikamwimbia na wimbo wenyewe mpaka mwisho. Alinitazama bila kupepesa. Kisha akachota maji kwa kikombe chake, akanywa nusu, akanipa iliyobaki. "Kunywa."

"Mama, kikombe hakina raha."

Hivyo nilimwambia mama yangu.

Wateja walikuwa wameanza kuja na vikombe vyao. "Niwekee humu, Mama Uji, usikiguse." Halafu wakawa wanapita tu, macho wameyaelekeza mtoni, utafikiri mto Mirongo na uchafu wake una kitu cha kuangalia. Halafu akaja Mama Zuhura. Alikuwa ameshika sufuria letu kubwa, limesuguliwa kwa mchanga na majivu mpaka linang'aa, mimi nikafikiri, ona rafiki alivyolitunza. Hakuingia ndani. Aliliweka chini nje ya kizingiti na kulisukuma kwa mguu.

"Mama Kabula, mimi sina neno na wewe," akasema. "Lakini nina watoto."

"Tumekula sahani moja miaka yote, Mama Zuhura. Umeshaumwa?"

"Sijui. Nimeogopa hata kujitazama."

Mama akacheka. Ndiyo, alicheka, kicheko kifupi kama mtu aliyepaliwa. Yule akaondoka, na kila tulipokutana naye bombani baada ya hapo aliivuta khanga yake karibu na mwili, kama sisi ni tope.

Lazima niwaambie kuhusu bibi. Mama mzaa mama alikuwa hai, ng'ambo ya ziwa, kwenye kambi ya wakoma. Ugonjwa ulikuwa umemtoka zamani, alimeza dawa akapona kabla mimi sijazaliwa, lakini ukoma ukiondoka hauachii vidole ulivyochukua, na watu wa kijijini kwake hawakumtaka hata akiwa amepona. Mama alizaliwa kambini hapo, mzima wa afya, akakua na kuondoka, na popote alipoulizwa kwao ni wapi alitaja kijiji kingine. Mimi nilikuwa nimepelekwa kwa bibi. Tulivuka na kivuko, tukatembea, tukamkuta amekaa mlangoni anabangua karanga kwa viganja. Vidole vyake vilikuwa vimebaki vipande. Nilimuuliza mama njiani kurudi vimekwenda wapi, akasema, "Vimeisha kwa kazi." Nikaridhika. Nilidhani vidole huisha kama sabuni, kidogo kidogo, na anayefanya kazi sana huvimaliza mapema. Nilikuwa namwonea fahari kwa hilo. Nilikunywa maji kwenye kikombe chake, kikombe cha bati cheupe chenye ukingo wa bluu, na alinishikia kwa viganja vyote viwili nisikiangushe.

Mama alikwenda kushitaki. Alivaa gauni la kanisani akaenda kwa balozi wa nyumba kumi, akanichukua na mimi nikawe shahidi wa yale ya bombani. Shikamoo, marahaba, akapewa kigoda. Balozi alimsikiliza mpaka mwisho huku anachokonoa meno. Kumbe naye alikuwepo ukumbini ile Jumapili.

"Sasa mama, nimwite nani hapa? Kulwa katafsiri sinema. Sinema haina mshitakiwa."

"Watoto wanammiminia maji binti yangu, mzee."

"Watoto wanacheza." Akanigeukia. "Wewe, wanakulazimisha?"

"Hapana, babu," nikasema kwa furaha. "Mimi ndiye steringi."

Balozi akacheka mpaka akatema kijiti. Hakuandika kitu. Alikuwa na karatasi na kalamu mezani, nakumbuka vizuri, na hakuandika kitu. Mama akasema asante.

Jumapili iliyofuata Kulwa aliirudia ile picha. Ilijaza kuliko harusi, watu walisimama mpaka nje kwenye mapazia. Mama alinikataza katakata nisitoke, lakini nilimtoroka akiwa anasali, nikapita chini ya pazia kati ya miguu ya watu. Nilitaka kumwona steringi mwenzangu. Nilifika wakati wa sindano. Yule dada akajichoma, akapiga kelele, na Kulwa akainua fimbo: "Anasema, aiii! Mimi Mama Uji nimechomwa! Kumbe bado nasikia!"

Sijawahi kusikia watu wengi wakicheka pamoja namna ile. Kisimani, kikombe kikavunjwa, na Kulwa: "Mama Uji, kwenu ni wapi?" Na ukumbi mzima ukajibu, kama kanisani, "Kambini!" Kisha sauti moja ya kike ikapanda juu ya zote:

"Mama Uji! Uji wako una vidole!"

Sauti ile niliijua kuliko ya mtu yeyote baada ya mama. Ilikuwa ikiniita nile ugali, mimi na Zuhura, kila jioni. Pale ndipo nilipoelewa yote kwa mara moja, bombani, shuleni, sufuria kizingitini, na kwa nini hakuna mwingine aliyeruhusiwa kuwa steringi. Nilikuwa na kiu. Ni kitu cha kijinga kukikumbuka, lakini nilikuwa na kiu kali, na sikujua nitakunywa wapi.

Tukahamia Usagara, pale njia panda, mahali pa watu wanaopita. Baba aliporudi kutoka visiwani alitukuta huko. Yeye alikuwa akijua tangu siku ya kwanza, alimwoa akijua, wala hakumlaumu. Alisema tu, "Ulisimama kwa ajili ya nini? Si picha tu?" Mama akaanza kuuza chai kwa watu wa malori. Akanifundisha majibu. Kwenu ni wapi? Unataja kijiji kile. Bibi yako yuko wapi? Alishakufa. Nilimuua bibi yangu kwa mdomo mara nyingi kabla hajafa kweli, na alipokufa kweli hatukuweza kulia mbele ya watu, maana tungemlilia nani? Mpaka leo mama kwenye shughuli hanywi mpaka wote wamalize. Anakaa na kiu yake, anasubiri, anakwenda kunywa jikoni amewapa watu mgongo.

Ile picha niliiona tena. Nilikuwa nimeshamaliza kidato cha nne, ikaonyeshwa kwenye televisheni ya jirani, na maandishi ya Kiingereza chini. Hapo ndipo nilipojua haina ukoma hata chembe. Na nikaona mwisho wake, ambao Mirongo hatukuuona, kwa sababu Kulwa alikuwa akisukuma kanda mbele kila penye maneno mengi. Mwishoni yule dada anarudi kisimani mbele ya kijiji kizima, anachota maji kwa kikombe kipya, anakunywa, na iliyobaki anampa baba mkwe. Picha inaganda hapo. Haionyeshi kama alikunywa. Nililia peke yangu kwenye kochi la watu, mwenye nyumba akaniuliza, "Wewe dada, kuna mbwa kafa?"

Sasa rudini na mimi Nyakato, siku ya jagi. Mama anaishi nami. Alimvua mjukuu wake sweta lililolowa, hakuuliza lilivyolowa. Mtoto mwenyewe alimwonyesha. Aliinama akakinga viganja pale sebuleni, na mama akakaa chini taratibu, kama anayetafuta kiti kisichokuwepo.

"Una kadi ya zahanati," alisema baadaye. "Waliandika ni fangasi. Wapelekee waione, waone mtoto hana kitu."

"Sipeleki."

"Kabula."

"Mama, wewe ulisimama ukasema, huyo siyo mkoma. Ulikuwa na haki. Lakini kama angekuwa ndiye, je? Wangemmiminia vizuri? Bibi alistahili?"

Minza alikuwa anacheza na kifuniko. Mtoto huyo ana jina la bibi. Mama mwenyewe ndiye aliyempa, kwa mila zetu, na hajawahi kumweleza mtu jina hilo limetoka kwa nani.

"Basi tumhamishe shule. Kimya kimya. Usagara nina watu."

"Tumeshahama mara moja. Imetufuata mpaka huku, na jagi lake. Safari hii naandika barua ya malalamiko, na ukoma wa bibi nautaja."

"Ukiandika hilo neno na kulipeleka ofisini, mtaa wote utajua. Mimi nauza mandazi pale getini pa shule, mwanangu. Unajua watakachofanya."

Najua. Nilimwambia najua. Nikamwambia pia kama atanikataza, nitaacha, kwa sababu siri ni yake kabla ya kuwa yangu. Mama aliingia jikoni. Nikasikia anachota maji. Alirudi na kikombe cha bati cheupe chenye ukingo wa bluu, ambacho sikuwa nimekiona tangu utoto, sikujua hata kama alikichukua kambini siku ya mazishi. Akanywa nusu, akampa Minza, Minza akanywa, akanipa mimi tone lililobaki.

"Andika kwa mwandiko unaosomeka," akasema. "Balozi yule alikuwa na kalamu."

Barua niliipeleka mwenyewe kwa mratibu elimu wa kata. Karani akaisoma hadi nusu, akaniangalia mikono. Nikaiweka mezani pake yote miwili, vidole kumi, mpaka akapiga muhuri. Niliandika hivi:

*YAH: MALALAMIKO DHIDI YA MWALIMU WA DARASA LA AWALI*

*Ndugu Mratibu,*

*Mimi ni mzazi wa Minza. Mwalimu wake anamnyima kikombe ambacho watoto wote wanatumia, na anammiminia maji viganjani mbele ya wenzake, kwa sababu ya baka alilonalo shavuni.*

*Sijaambatanisha kadi ya zahanati, na sitaileta. Sikuja kuthibitisha kwamba mtoto wangu hana ukoma. Bibi yangu, mama mzaa mama, aliugua ukoma akapona. Aliitwa Minza. Nilikunywa kikombe kimoja na yeye. Mama yangu amekunywa naye maisha yake yote, na ndiye anayewauzia walimu mandazi ya asubuhi.*

*Kumwagia mwalimu maji miguuni ni kweli nilimwagia. Adhabu yake nitaipokea.*

*Ninaomba jambo moja. Mbele ya darasa lote, mtoto wangu apewe kikombe kile cha kijani, anywe nusu, na mwalimu anywe iliyobaki. Nitakuwepo nikiangalia. Mama yangu atakuwepo pia.*

*Wako,*
*Mama Minza*